Kwa pikipiki hadi Matema kupitia Kitonga na Hamsini na Saba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wanaopanga kutoka Dar es Salaam au Morogoro kwa pikipiki, wapande Nyanda za Juu Kusini, kisha washukie Ziwa Nyasa. Majibu yamelenga pikipiki tulizozizoea, Boxer, TVS na wenzake, cc 125 hadi 200. Mwenye pikipiki kubwa atakuta mengi yanamhusu, ila kwenye spea na mafuta ajipange kivyake.

## Kabla ya kuamua

Njia yenyewe inapita wapi?

Unafuata barabara kuu ya Tanzania–Zambia (Tanzam): Chalinze, Morogoro, Hifadhi ya Mikumi, Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu, unapanda Mlima Kitonga, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa hadi Chimala. Hapo unaiacha lami na kukata kushoto, unapanda kona za Hamsini na Saba kwenda Matamba na uwanda wa Kitulo. Kutoka Kitulo unatokea Isyonje kwenye barabara ya Uyole–Tukuyu, unashuka Tukuyu, na mwisho Matema ufukweni.

Asiyetaka vumbi anaweza kunyoosha Chimala–Uyole–Tukuyu kwa lami tupu. Ni safari nzuri hata hivyo. Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 utauona vizuri ukiwa kwenye lami.

Ni kilometa ngapi, na nitenge siku ngapi?

Dar hadi Iringa ni kama kilometa 500, na hadi Mbeya ni kama 830. Basi linamaliza kwa siku moja. Usishindane na basi.

Kwenda, tenga siku sita. Ya kwanza ishia Morogoro, kwa sababu foleni ya kutoka Dar na malori ya Chalinze yatakuchosha kuliko umbali wenyewe. Ya pili Morogoro–Iringa, na hiyo ndiyo ndefu: ina Mikumi asubuhi na Kitonga mchana. Ya tatu Iringa–Chimala. Ya nne panda Matamba ulale. Ya tano vuka Kitulo hadi Tukuyu. Ya sita Matema. Kurudi kwa lami kupitia Uyole, siku tatu hadi nne zinatosha.

Watu wengi hukosea kwa kupanga siku kwa kilometa. Milimani panga kwa saa. Kilometa 30 za vumbi na kona zinaweza kula asubuhi nzima, na ukichelewa asubuhi utajikuta unashuka mlima gizani.

Pikipiki ya cc 125 itaweza kweli?

Itaweza, mradi ukubali mwendo wake. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kitulo ni kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo robo ya nguvu uliyotoka nayo Dar haipo tena. Pikipiki ya kabureta itaongeza na kigugumizi: mafuta ni yaleyale, hewa imepungua, plagi inatoka nyeusi. Haijaharibika. Usimruhusu fundi wa njiani abadilishe jeti. Kama inakera sana, alegeze kidogo skrubu ya hewa, na uirudishe ukishuka Matema.

Kikwazo ni abiria. Kwenye lami cc 125 itawabeba wawili. Hamsini na Saba abiria wako atashuka na kutembea kwenye kona kadhaa, kwa hiyo mwambie mapema avae viatu.

Mwezi gani ni mzuri?

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni hadi Oktoba ndio wakati wa pikipiki. Juni hadi Agosti ni baridi kali, lakini baridi inavalika na tope halivaliki.

Tatizo ni kwamba maua ya Kitulo, yale yaliyofanya paitwe Bustani ya Mungu, huchanua wakati wa mvua, hasa Desemba hadi Aprili. Ukiyataka, usipande kwa Hamsini na Saba. Ingia kwa Isyonje au kwa lami ya Njombe–Makete, na uwe na siku za akiba. Tukuyu nako, mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata Juni koti la mvua liwe juu ya mzigo, lisifukiwe chini.

Nyaraka gani zinahitajika?

Leseni yenye daraja la pikipiki (A kwa zaidi ya cc 125, A1 kwa ndogo), kadi ya pikipiki, bima iliyo hai na kitambulisho. Kama kadi ina jina la mtu mwingine, beba barua yake ya ruhusa na namba yake ya simu. Gesti nyingi zitakuandika kwenye daftari la wageni, kwa hiyo kitambulisho kisikae chini ya begi.

## Pikipiki na mzigo

Sevisi gani nifanye kabla ya kuondoka?

Oili mpya, kisafisha hewa kisafi, cheni na sproketi zisizochoka, tairi zenye meno. Lakini anza na breki. Kwenye breki ya nyuma ya ngoma, tazama pale mkono wa breki unapoingia kwenye ngoma: kuna kimshale kidogo na alama. Kanyaga breki hadi mwisho. Kimshale kikifika kwenye alama au kuipita, breki shuu zimekwisha, hata kama pikipiki bado inasimama vizuri mtaani kwenu. Badilisha kabla ya kuondoka, kisha uziendeshe mjini siku mbili tatu zikae sawa. Breki mpya kabisa haishiki inavyotakiwa, na Kitonga si mahali pa kuifundishia.

Safari hii kushuka ni kwingi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Kitulo hadi Matema, ambako ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, unateremka zaidi ya mita 2,000.

Nibebe spea gani?

Tyubu ya mbele na ya nyuma (hazilingani unene), liva za kufungulia tairi, viraka, pampu, plagi na spana yake, kiungo cha cheni, fyuzi, balbu ya taa kubwa, waya mwembamba na utepe wa gundi. Spea za Boxer na TVS utazipata Iringa, Mafinga, Makambako hata Chimala. Matamba usizitegemee.

Kebo ya klachi usiibebe begini. Ilaze mpya sambamba na ya zamani, njia ileile chini ya tenki, uifunge kwa utepe wa gundi bila kuichomeka. Ya zamani ikikatika kwenye kona, unahamisha ncha mbili tu na kuondoka. Bila hivyo ungelikuwa unafungua tenki kando ya barabara, malori yanapita.

Mzigo nifungeje?

Chini na mbele kadiri inavyowezekana. Kilo kumi nyuma ya kiti zinainua usukani kwenye mpando, na gurudumu la mbele likiwa jepesi halitakata kona. Mpira wa tyubu unafunga vizuri kuliko kamba kwa sababu haulegei pikipiki ikitikisika. Na kidumu cha petroli kisikae karibu na ekzosi.

Mafuta yanapatikana wapi?

Kwenye barabara kuu sheli si tatizo: Morogoro, Mikumi mjini, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala. Tenki la lita 11 linakufikisha kutoka sheli moja hadi nyingine bila wasiwasi.

Chimala jaza hadi juu, hata kama ulijaza Makambako. Kupanda kwa gia ya kwanza na ya pili kunakunywa mafuta, na huko juu utauziwa ya chupa. Si dhambi kununua ya chupa, lakini itazame kwenye mwanga kwanza: iache itulie dakika mbili, kama kuna maji utayaona yamejitenga chini kama mboni.

Baridi ni kali kiasi gani? Nivae nini?

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi sita na nusu. Ondoka Ruaha Mbuyuni na fulana imelowa jasho, fika Mafinga unatetemeka, siku hiyohiyo. Kitulo miezi ya Juni na Julai asubuhi unaweza kukuta sakitu kwenye majani.

Kinachokuumiza ni upepo kuliko baridi yenyewe. Koti la mvua juu ya sweta linakinga kuliko masweta matatu. Glavu ni lazima, kwa sababu vidole vikifa ganzi huwezi kushika breki kwa kipimo. Ukiishiwa mbinu, nunua gazeti, lifungue, ulitie kifuani chini ya koti. Madereva wa zamani wa Tanzam hawakuwa na makoti ya kisasa.

## Barabarani

Pikipiki inaruhusiwa kupita Mikumi?

Kwenye barabara kuu, ndiyo. Ni barabara ya umma inayopita ndani ya hifadhi kwa kama kilometa 50. Kwenye njia za ndani za kutazamia wanyama, hapana.

Pita kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Alfajiri na jioni ndipo tembo na nyati wanavuka. Ukiwaona barabarani, simama mbali, usipige honi, usipenye katikati ya mama na mtoto. Ngoja basi au lori lije, upite ubavuni mwake upande usio na tembo. Kuteremka kupiga picha ni marufuku, na vibao vya faini ya kugonga mnyama utaviona njiani. Kwa pikipiki, faini ndiyo itakuwa tatizo dogo.

Kitonga ni hatari kama wanavyosema?

Kupanda si hatari sana kwa pikipiki, ni uvumilivu. Malori ya Zambia na Kongo yanatambaa, kona zimebana, upande mmoja ni mwamba na mwingine ni korongo. Shida ni hamu ya kuovateki. Usiovateki kwenye kona hata kama lori linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu lori linaloshuka hulazimika kutanua, na sehemu linapotanulia ni hapo ulipo wewe. Angalia pia oili na dizeli iliyomwagika, hasa upande wa ndani wa kona. Ukiona lami inang'aa rangi za upinde wa mvua, usilaze pikipiki.

Kushuka, ambako utakutana nako ukirudi, ndiko kwenye kazi. Sheria ya madereva wa malori ni shuka na gia uliyopandia, na kwa pikipiki ni hiyohiyo. Ingia mteremko ukiwa gia ya pili au ya tatu, uache injini ikushike. Breki iguse kwa vipindi: bana, punguza, achia. Anayekanyaga breki mfululizo anaipasha moto mpaka inakuwa laini mguuni, na hapo ipo kwa jina tu. Ukisikia harufu ya kuungua au kanyagio limezama, simama mahali panapoonekana, subiri dakika ishirini. Usimwagie maji ngoma ya moto, inaweza kupasuka.

Kutia niutro ili kuokoa mafuta: hapana. Unaokoa mafuta ya mia tano kwa kukabidhi pikipiki kwa mteremko.

Ukitaka picha, egesha kwenye sehemu pana iliyonyooka, usiegeshe kwenye kona. Na chakula kisiwe wazi, nyani wa pale wameshazoea wasafiri.

Lori la mbele linaniwashia indiketa. Lina maana gani?

Kwa kawaida ya barabara hii, indiketa ya kulia ni "usipite, kuna gari linakuja", na ya kushoto ni "pita". Ichukue kama ushauri. Dereva huyohuyo anaweza kuwasha ya kulia kwa sababu anakata kulia, na ya kushoto kwa sababu anaegesha. Mpaka uione barabara kwa macho yako mwenyewe, baki nyuma, mahali ambapo unamwona kwenye saitimira yake. Kama humwoni, naye hakuoni.

Matawi ya miti yaliyopangwa barabarani nayo yana ujumbe: mbele kuna gari limekufa, mara nyingi baada tu ya kona. Punguza ukiona tawi la kwanza. Na likishaondoka gari, mawe waliyowekea matairi hubaki palepale.

Hamsini na Saba ni nini hasa, na niipandeje?

Ni barabara ya kutoka Chimala, kwenye joto la bonde la Usangu, kupanda ukuta wa milima hadi Matamba. Jina limetokana na idadi ya kona. Ni kona za kugeuka kabisa, unarudi ulikotoka ghorofa moja juu, na ukisimama juu unaziona zimelala chini yako moja baada ya nyingine.

Panda asubuhi, jua likiwa bado dogo na vumbi halijatimuliwa. Kabla ya kila kona tazama juu, kwa sababu barabara ya juu yako inaonekana. Kama kuna Fuso au Noah inashuka, simama sehemu pana uipishe. Piga honi. Chagua gia kabla ya kona, kwani ukibadilisha katikati pikipiki inapoteza kasi, inazima, na kuiwasha kwenye mpando na mzigo ni mateso. Pitia upande wa nje wa kona, ambako mwinuko ni mdogo. Wa ndani una changarawe na mifereji.

Ikizima, usishike klachi. Iache kwenye gia, ishikilie kwa breki ya mbele, weka mguu upande wa mlima, pumua, ndipo uwashe.

Mvua ikinyesha, usiende. Ukikuta imenyesha usiku, kunywa chai Chimala hadi saa nne au tano, na umuulize bodaboda aliyeshuka asubuhi hiyo. Waliokaa kijiweni hawajui hali ya leo. Kushuka kwa njia hii siwashauri wanaoanza. Kanuni za breki ni za Kitonga (tazama hapo juu), ila hapa chini ya tairi kuna vumbi badala ya lami.

Kitulo naweza kupita na pikipiki tu, bila kulipa?

Kutembelea hifadhi kunalipiwa, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Ofisi za hifadhi ziko Matamba, na kwa kuwa utalala hapo, pita uulize njia ipi ni wazi na pikipiki inaruhusiwa kufika wapi. Hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 2005 na ni hifadhi ya maua kwanza: kuna aina 45 za okidi za ardhini. Usiache njia kwa gurudumu hata kidogo. Kipande cha Isyonje kimekuwa kikijengwa kwa awamu, kwa hiyo tarajia lami, kifusi na mchepuko kwa zamu.

Kusafiri usiku?

Hapana. Ng'ombe, malori yasiyo na taa za nyuma, ukungu wa Makambako na mteremko wa Inyala kabla ya Uyole, ambao una historia mbaya ya ajali hata mchana. Saa kumi na moja jioni uwe unatafuta gesti.

Askari wa tochi, wale wanaopima mwendo?

Kwenye makazi ni kilometa 50 kwa saa, na vijiji vya barabara hii vimeungana. Helmeti, bima na taa zikiwa sawa, mazungumzo huwa mafupi. Mpe shikamoo anayestahili shikamoo, toa leseni, ukipigwa faini dai risiti.

## Yasiyo ya kila siku

Pikipiki ikifa mahali pasipo na fundi?

Kwanza isukume hadi mahali panapoonekana kutoka pande zote. Kagua mafuta, plagi, fyuzi, kwa mpangilio huo. Ikishindikana, simamisha Fuso au kenta tupu na mpatane bei kabla ya kupakia, ikiwemo hela ya wapakiaji. Barabara kuu hutasubiri sana. Kati ya Matamba na Isyonje magari ni machache, na mtandao unakatika, kwa hiyo asubuhi mwambie mtu wa gesti unaelekea wapi na utafika saa ngapi, umpigie ukifika.

Naweza kwenda peke yangu?

Wengi huenda. Wawili ni bora, na si kwa ajili ya kupiga soga: pikipiki yenye mzigo iliyolala kwenye kona ya Hamsini na Saba haiinuliki vizuri na mtu mmoja. Mkiwa wawili, wa polepole atangulie.

Nimesikia ulanzi wa Iringa, ile pombe ya mianzi. Nijaribu?

Jaribu ukishaegesha na ufunguo umeuacha chumbani. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu na mpole, wa jioni umechacha na una nguvu nyingine kabisa, na ladha haitakuonya vya kutosha.

Matema kuna mambo ya kiafya ya kujihadhari nayo?

Malaria. Umetoka kwenye baridi isiyo na mbu, umejisahau. Kyela na Matema ni joto na mbu wapo. Lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Kichocho nacho kipo Ziwa Nyasa, kwa hiyo oga kwenye maji ya wazi yenye mawimbi, epuka maji yaliyotulia kwenye matete.

Naweza kurudi na vyungu vya Wakisi?

Vyungu vya akina mama wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe ni vizuri na bei ni rafiki sokoni Matema. Kwa pikipiki, kimoja kidogo, kimezungushiwa nguo ndani ya begi la mgongoni. Kikubwa kitume kwa basi kutoka Kyela. Kile ulichofunga nyuma ya kiti kitafika vipande.

Niendelee hadi Malawi kupitia Kasumulu?

Inawezekana: pasipoti, kadi ya pikipiki yenye jina lako au barua ya mwenye mali, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA ambayo kampuni za bima za hapa hutoa. Ikate kabla hujafika mpakani, maana mpakani kila kijana atakwambia yeye ndiye wakala.

Nimechoka, nataka kurudi kwa basi. Pikipiki itafikaje?

Malori yanayorudi Dar kutoka Mbeya hubeba. Toa petroli yote kwenye tenki, chomoa betri, vua saitimira, piga picha pande zote nne ukiwa na dereva, na namba ya lori ionekane kwenye mojawapo. Ifungwe imesimama, kwa mikanda miwili mbele inayobana shokapu kidogo, isiegemezwe kwenye mzigo. Nusu ya hela mpe Mbeya, nusu ukiipokea.